Ule Weupe wa Bawani si Moshi

Siku moja ya masika waliingia ofisini kwangu hapa Handeni watu watatu na simu moja. Mwenye simu alikuwa kijana wa bodaboda. Nyuma yake alikuja mzee mmoja aliyekuwa na shughuli zake, na nyuma ya mzee mama muuza maandazi, ambaye hakutaka kupitwa na neno. Katika simu mlikuwa na picha ya ndege ya vita ikipita chini chini juu ya bahari. Ikainama upande mmoja, ikapinda ghafla, na papo hapo bawa zima likafunikwa kama kwa shuka jeupe. Kutoka kila ncha ya bawa ukatoka uzi mweupe, mwembamba, mrefu. Ndege iliponyooka, shuka likatoweka na nyuzi zikakatika.

"Mwalimu," akasema kijana (wananiita hivyo kwa kuwa nilipita chuo cha ualimu, ijapokuwa mkate wangu sasa ni ukarani), "hii inaungua, ama inamwaga dawa?"

"Inaungua, mwanangu," akajibu mzee kabla yangu. "Eropleni ikitoa moshi, imekwisha."

Mama akatikisa kichwa. "Hapana, baba. Hiyo ni dawa. Mimi siku ile ndege ilipopita juu sana na ule mkia wake mweupe nilifunika mapipa yangu yote ya maji, na watoto nikawaingiza ndani."

Nikamwuliza: "Na ile ndege iliyokuja kunyunyizia kweleakwelea kule bondeni, ulipokuwa kwa dada yako, mlifunika maji?"

"Ile? Ile haikuwa na mkia mweupe, Mwalimu. Ilipita tu jioni, ikaenda zake."

Basi jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama huyu ni mwangalifu kuliko wengi wetu, lakini alifunika maji siku isiyokuwa na hatari, akayaacha wazi siku iliyokuwa na hatari. Tena kosa si lake peke yake. Sote twaogopa tunachokiona. Kumbe kinachofanyika nyuma ya bawa la ndege, mara nyingi hakionekani hata kidogo.

Tuanze na weupe wenyewe. Ule si moshi wala dawa. Ni maji, tena maji yaliyokuwamo hewani tangu kabla ya ndege kufika. Ukitaka kuyaona nyumbani, chukua chupa ya soda iliyopoa vizuri, uifungue huku unatazama shingo yake. Kizibo kikitoka tu, utaona ukungu mdogo mdomoni mwa chupa, kisha unapotea. Hakuna aliyewasha moto humo. Hewa iliyokuwa imebanwa ndani ya chupa imeachiwa ghafla, imetanuka, na hewa ikitanuka ghafla hupoa. Ikipoa haiwezi tena kubeba mvuke wote iliokuwa ikiubeba, basi mwingine hugeuka vitone vidogo, navyo ndivyo ukungu. Mwenye baiskeli anajua jambo hilo kwa njia nyingine: ukipiga pampu, pampu hupata moto, ukifungua vali ya tairi, upepo unaotoka ni wa baridi.

Sisi wa wilaya hizi mbili tunayo chupa ya soda kubwa kuliko zote, nayo ni milima ya Usambara. Mtu akisimama Korogwe asubuhi, karibu na mto Pangani, akatazama kaskazini, mara nyingi huiona milima imevaa kofia ya mawingu na hali mjini jua linawaka. Hewa yenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ikafika kwenye mlima, ikalazimika kupanda. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo hewa hutanuka; ikitanuka hupoa, kwa kadiri ya digrii 10 kwa kila kilometa moja, mpaka unyevu wake uanze kuwa wingu. Ndiyo sababu Amani, katika Usambara ya mashariki, hupata mvua ya karibu milimita 2000 kwa mwaka, na sisi wa Handeni twabaki kuhesabu siku.

Sasa, bawa la ndege ya vita hufanya kazi ile ile ya mlima, ila kwa kufumba na kufumbua. Bawa huinua ndege kwa sababu mgandamizo wa hewa juu yake ni mdogo kuliko ule wa chini yake. Ndege ikienda taratibu kwa mstari ulionyooka, tofauti hiyo ni ndogo. Lakini tuseme ndege ina uzito wa tani 8, na rubani akaipinda kwa ukali hata kila kitu ndani yake kikawa kizito mara 7. Hapo mabawa yanabeba tani 56, nayo ni mabawa mafupi ambayo eneo lake halizidi sakafu ya chumba kimoja kikubwa. Mgandamizo juu ya bawa lazima uanguke sana. Ukianguka kwa sehemu moja ya tano, hewa ya digrii 27 hupoa kwa digrii 18 hivi, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Na hewa ya pwani haihitaji kupoa hivyo. Asubuhi ya masika Dar es Salaam au Tanga, digrii nne tu zatosha kuifanya itoe umande. Kwa hiyo ndege ile ile, kwa rubani yule yule, ikipinda juu ya bahari wakati wa masika huvaa shuka jeupe; ikipinda vivyo hivyo juu ya Handeni saa nane mchana mwezi wa Oktoba, wakati hata mate yanakauka mdomoni, huenda usione kitu. Si kwamba bawa limeacha kufanya kazi yake. Hewa tu haina maji ya kuionyesha.

Bado kuna zile nyuzi za kwenye ncha, nazo ndizo zilizonipendeza zaidi. Hewa ya chini ya bawa, iliyobanwa, hutafuta njia ya kwenda juu ambako mgandamizo ni mdogo. Katikati ya bawa haina njia. Kwenye ncha inayo. Huizunguka ncha, ikapanda, na kwa kuwa ndege inazidi kwenda mbele, mzunguko ule hubaki nyuma ukivutwa kama kamba inayosokotwa. Ni chamchela. Sote twaijua chamchela: kiangazi hutokea katika uwanja wa mpira, ikabeba vumbi, majani na mifuko, na watoto wakakimbia kwa sababu bibi zao wamewaambia mna pepo ndani. Tofauti ni kwamba chamchela ya uwanjani husimama wima, na ya bawa hulala. Katikati yake, hewa inazunguka kwa kasi kubwa hata mgandamizo huanguka kuliko popote, hupoa, na uzi wa wingu hutokea. Uzi ule mweupe ni moyo wa chamchela tu. Chamchela yenyewe ni pana zaidi, nayo haionekani.

Kila bawa linaloinua kitu huacha chamchela mbili, moja kila upande. Hakuna ujanja wa kuziepa, maana ndiyo bei ya kuinuliwa. Mwingereza Lanchester aliliandika jambo hilo mwaka 1907, na Mjerumani Prandtl akalifanyia hesabu kamili mwaka 1918. Lakini mwari na korongo walijua kabla yao. Nje ya chamchela hewa hupanda, na ndege aliyekaa mahali hapo nyuma ya mwenzake hubebwa kidogo bure. Mwaka 2001 wataalamu waliwafunga mwari wa Senegali vyombo vya kupima mapigo ya moyo, wakakuta wanaoruka kwa safu moyo wao hupiga polepole kuliko wa anayeruka peke yake, kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Nilitaka watoto wa jirani waone kwa macho yao. Tulichukua boksi la biskuti, tukakata pembetatu yenye ncha kali mbele, mfano wa bawa la ndege ya vita, tukaisimamisha mbele ya feni. Nikasema tubandike katani juu yake, maana ukitaja Korogwe umetaja katani. Katani ikatuaibisha: ni ngumu, ilisimama kama miba ya nungunungu. Tukaiacha, tukaomba uzi wa kushonea kwa fundi cherehani, tukakata vipande vya urefu wa kidole na kuvibandika kwa gundi ya karatasi. Kadibodi ilipolala sawa na upepo, nyuzi zote zililala kuelekea nyuma kwa adabu. Tulipoinua ncha yake ya mbele, zile za karibu na kingo ziliacha kulala, zikageukia pembeni na kutetemeka, na uzi mmoja tuliouning'iniza juu ya ukingo ukaanza kuzunguka kama mtoto anayezungusha kamba. Tulipoinua zaidi, nyuzi zote zikachafuka, kila mmoja ukaenda kwake. Mtoto mmoja wa darasa la sita akasema, "Hapo ndege inaanguka." Alikuwa amesema kweli, na mimi sikuwa nimemfundisha.

Wala tusione haya kwa mchezo wetu wa feni. Marekani, huko Edwards katika jimbo la California, shirika la NASA lilifanya mchezo huo huo kwa ndege ya vita ya F-18 kuanzia mwaka 1987 hadi 1996. Walibandika nyuzi fupi juu ya mabawa na mwili wake, na wakatoboa matundu madogo puani ya kutoa moshi, ili moshi uingie katika chamchela na kamera ziione njia yake. Walikuwa na sababu. Ndege hizo zina ukingo mwembamba unaotoka kwenye bawa kwenda mbele hata karibu na chumba cha rubani, na ukingo huo hutengeneza chamchela kwa makusudi, kwa kuwa chamchela ikikaa juu ya bawa huvuta na kuliinua hata pale ambapo bawa la kawaida lingekwisha kukata tamaa. Lakini chamchela zile zilikuwa zikipasuka kabla ya kufika mkiani, zikaipiga mikia miwili ya ndege mpaka vyuma vikaanza kuchoka. Dawa yake ilikuwa vipande viwili vidogo vya bati vilivyosimamishwa juu ya ukingo ule, kimoja kila upande.

Hapa kwetu, bawa la pembetatu si geni. Tanzania ilikuwa na ndege za MiG-21, zilizotengenezwa na Warusi, wakati wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Na zile J-7 za Kichina zilizokuja baadaye ni za ukoo huo huo. Bawa la namna hiyo ni jembamba na lenye ukingo mkali, zuri kwa mwendo wa kasi, gumu kwa mwendo wa taratibu. Likiwa linatua, pua hunyanyuliwa juu, na chamchela mbili huamka juu ya kingo kama zile za kadibodi yetu na kusaidia kuibeba ndege. Siku ya unyevu mwingi unaweza kuziona, kamba mbili nyeupe juu ya mgongo wa ndege.

Sasa nirudi kwa mama wa maandazi na mapipa yake.

Ule mkia mweupe aliouona juu sana ni jambo la tatu, wala hautoki kwenye bawa. Injini ya ndege ikichoma mafuta hutoa mvuke wa maji, kama mtu anavyotoa pumzi. Huko juu, kilometa 10 na zaidi, baridi ni kali kupita digrii 40 chini ya sifuri, na mvuke ule huganda papo hapo ukawa mstari wa barafu laini. Hewa ya huko ikiwa kavu, mstari hufutika. Ikiwa na unyevu, hukaa na kutanuka. Ukivuta mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Dar es Salaam hadi Kilimanjaro, utaona unapita katikati, kati ya Handeni na Korogwe. Basi si ajabu sisi kupitiwa na ndege za abiria, nyingine zikiwa na mkia na nyingine bila. Mapipa ya mama hayakuwa na la kuogopa.

Cha kuogopwa ni ile chamchela isiyo na rangi. Kadiri ndege ilivyo nzito, na inavyokwenda taratibu, ndivyo chamchela yake ilivyo na nguvu. Hushuka nyuma ya ndege mita 100 hadi 150 kwa dakika, na hewa ikitulia inaweza kudumu dakika kadhaa. Tarehe 7 Januari 2017, juu ya Bahari ya Uarabuni, ndege ndogo ya Challenger yenye watu tisa ilikuwa ikitoka Maldives kwenda Berlin. Ikapishana na Airbus A380, ndege ya abiria kubwa kuliko zote, iliyokuwa futi 1000 juu yake. Marubani waliiona ikipita. Dakika moja hivi baadaye chamchela ya A380 ilikuwa imeshuka mpaka kwao. Ndege ndogo ikaviringika zaidi ya mara moja, ikaanguka karibu futi 9000 kabla ya kushikwa tena, watu wakaumia, injini moja ikazimwa. Walifika Maskati na kutua salama, lakini ndege ile haikufaa tena. Ndege waliiona, chamchela hawakuiona. Ndiyo maana kiwanjani ndege ndogo huambiwa ingoje dakika mbili au tatu nyuma ya kubwa, na abiria wakadhani wanacheleweshwa kwa uzembe. Na ndiyo maana ndege za leo, kama zile Airbus A220 na Boeing 737 za Air Tanzania, zina ncha za mabawa zilizokunjwa juu: ni kuipunguzia chamchela nguvu na kuokoa mafuta.

Karibu zaidi na sisi ni ndege ya kunyunyizia dawa. Hapana shaka inahitajika. Kweleakwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Wakija milioni moja, ambalo si kundi kubwa kwao, tani 10 zimekwenda kabla ya jua kuchwa. Serikali hutuma ndege, mara nyingine kwa msaada wa lile shirika la nchi zetu la kupambana na nzige wa jangwani, lililoanzishwa mwaka 1962. Ndege huja jioni, kweleakwelea wanapoingia kulala. Hupita chini sana, taratibu, imejaa shehena. Msomaji ameona mwenyewe: nzito, na yenye mwendo wa taratibu. Chamchela zake ni kali, nazo ziko pale pale ambapo dawa inatoka. Vitone vikubwa huanguka chini. Vile vidogo hunaswa na chamchela, vikanyanyuliwa kwenye ncha za mabawa, na upepo ukavichukua kwenda kusikokusudiwa. Mwaka 1990, huko Wallops katika Marekani, NASA walitoa moshi mwekundu ardhini na kupitisha ndege ya mashamba juu yake, na picha yake ni ya kutisha kidogo: gurudumu kubwa jekundu linalosokota, lenye kimo kuliko ndege yenyewe. Kwa sababu hiyo bomba la dawa halifiki kwenye ncha za bawa. Hukatwa lisizidi robo tatu ya urefu wa mabawa, na rubani mwema huacha kazi upepo ukizidi.

Hata hivyo kidogo hupeperuka. Dawa inayotumiwa kwa kweleakwelea, fenthioni, haichagui kati ya ndege mharibifu na nyuki. Mjomba wangu analima mpunga upande wa Mombo na amefuga nyuki tangu ujana wake. Mwaka mmoja alitangaziwa kwamba ndege itakuja. Alisimama nje na wajukuu kuitazama, maana ni tamasha. Haikuwa na shuka jeupe wala nyuzi, ila ukungu mwembamba uliopotea mara moja. Mizinga yake ilikuwa upande unaokwenda upepo. Asubuhi alikuta nyuki chini ya mizinga miwili, wengi kama makapi. Hakumlaumu mtu, tangazo lilikuwa limetolewa, na mpunga wake ulipona.

Nilipomweleza habari ya chamchela, aliuliza swali moja tu: "Basi mpwa wangu, chamchela hiyo hufika mbali gani?" Nikamwambia chamchela yenyewe haifiki mbali, huvunjika, lakini dawa iliyoinuliwa nayo huenda na upepo. Kwa hiyo ndege ikitangazwa, funika visima na mapipa, anua mboga na nguo, ingiza kuku, wazuie watoto wasitoke kutazama, na usiokote kweleakwelea waliokufa kwa kitoweo, hata wawe wengi na wanono namna gani. Milango ya mizinga huzibwa kwa matundu ya wavu usiku ule, au mizinga huhamishwa mapema ikiwezekana.

Mama wa maandazi alisikiliza yote hayo siku ile ofisini, mzee naye, na kijana wa bodaboda alikuwa amekwisha kupata abiria na kuondoka. Mama akauliza kama ile ya juu sana yenye mkia aweze sasa kuiacha ipite bila kufunika kitu. Nikamwambia aiache. Akafikiri kidogo, akasema mapipa ataendelea kuyafunika siku zote, kwa sababu ya mbu.